Fomu imeandikwa "hana kazi", na mimi nalima ekari saba Misungwi. Wakulima wa Kanda ya Ziwa njooni tuongee

Luseni:

Wakuu habari za jioni. Wasukuma wenzangu, mwadila.

Nitaandika kwa kirefu, asiye na muda apite tu.

Wiki iliyopita nilikuwa Mwanza mjini, kwenye ofisi moja ambayo sitaitaja, nafuatilia karatasi za mwanangu wa pili. Fomu ni ya kawaida: jina la mtoto, baba na kazi yake, mama na kazi yake, kijiji, kata. Binti wa dirishani anauliza na kujaza, mimi najibu. Kazi ya baba? Nikasema mkulima. Nilipopewa niisome kabla ya kusaini, nakuta pale pameandikwa "hana".

Nikamrudishia. Dada, hapa umekosea, nimesema mkulima. Akanijibu kwa upole kabisa, wala si kwa dharau: "Ndiyo baba, nimekusikia. Si ni yale yale?"

Nikasaini nikaondoka. Foleni nyuma yangu ilikuwa ndefu na basi la Misungwi halimsubiri mtu. Lakini njia nzima, Buhongwa mpaka Usagara mpaka nyumbani, lile "yale yale" lilikuwa linanizunguka kichwani.

Na kwa kweli siwezi kumlaumu. Mimi mwenyewe niliporudi kijijini mwaka 2014 nilikuwa najibu hivyo hivyo. Mtu niliyesoma naye akinipigia, "upo wapi siku hizi?", namwambia "nipo nipo tu, nalima lima kidogo nikisubiri mambo". Kidogo! Ekari saba, maksai wanne, plau mbili. Mambo gani nilikuwa nasubiri, sijui mpaka leo. Sikilizeni hata taarifa za polisi: mtu akikamatwa na haijulikani anafanya nini, ataitwa "mkulima, mkazi wa mahali fulani". Neno limekuwa kapu la kutupia kila asiye na pa kuwekwa.

Kabla ya hapo nilikaa mjini miaka tisa. Nimeuza viatu vya mtumba Makoroboi, nimebeba magunia ya dagaa mwaloni Kirumba. Baba alipopooza upande mmoja nikarudi, nikajua ni miezi mitatu tu. Ndiyo hiyo miezi mitatu hadi leo.

Sasa niseme ninachojivunia. Kila tukiongelea kilimo humu watu wanarukia faida kwa ekari. Hiyo ina nyuzi zake.

Jina langu humu ni Luseni. Kwa asiyejua, luseni ni ule udongo wa kichanga wa juu, karibu na mawe. Ukishuka mteremko unakutana na itogolo, udongo mgumu, na chini kabisa mbuga, ule mweusi unaopasuka kiangazi mpaka mguu wa ndama unazama kwenye ufa. Baba yangu ana darasa la nne. Alikuwa anachota udongo, anaukanda kiganjani kama unga, anakuambia hapa karanga na muhogo, pale pamba, kule chini majaruba ya mpunga, halafu maji yakikauka kwenye mbuga nyingine tunatupia dengu, zitaota kwa unyevu uliobaki, hata mvua isiponyesha tena. Hakosei. Mtu wa namna hiyo kwenye fomu ni "hana".

Halafu kuna mstari wa kwanza wa plau. Waliokokota plau wananielewa. Asubuhi, ng'ombe bado wana nguvu, umemweka mtoto mbele anawaongoza. Mstari ule ukipinda, shamba zima litapinda, tena litapinda hadharani, maana shamba letu liko kando ya njia ya kanisani na kila Jumapili kijiji kizima kinapita kulikagua. Misimu miwili ya kwanza baba alikaa kwenye kiti chake chini ya mwembe. Mdomo ulikuwa mzito hawezi kusema vizuri, basi ananyoosha kidole tu: pale, pale, na pale. Msimu wa tatu nilimaliza mistari sita nikageuka kumwangalia. Mkono ulikuwa umelala kwenye paja. Sijawahi kupewa sifa kubwa kuliko ule mkono.

La mwisho ni chakula. Unga sinunui. Kihenge kina mtama na mahindi, udaga upo kwenye magunia, michembe na matobolwa vipo. (Watu wa mikoa mingine: udaga ni muhogo uliokaushwa, hivyo viwili vya mwisho ni viazi vitamu vilivyokaushwa. Michembe inakatwa mibichi, matobolwa yanachemshwa kwanza. Msije mkamchanganyia Msukuma hivyo viwili, atawadharau kimoyomoyo.) Mwezi wa kwanza na wa pili, wakati watu wanakopa debe moja ili walipe mawili wakivuna, kwangu hatukopi. Na akija jirani jioni na ungo mtupu, hupimi kwa kisado. Unamjazia, na huendi kulisema kilabuni.

Leo hii nimemaliza kung'oa na kuchoma masalia ya pamba. Nimenawa, nimekaa, ndiyo naandika. Je, na ninyi mna la kujivunia, au kweli ni yale yale?

Siti ya Mbele:

Nimeshakaa. Leteni karanga.

Kijana wa Igoma:

Mkuu Luseni umeandika vizuri sana, ila fahari haijazi tenki la pikipiki.

Mimi kwetu Kwimba. Mwaka 2019 bei elekezi ya pamba ilikuwa 1,200 kwa kilo, nyumbani tukashangilia. Tumepeleka magunia, yamepimwa, tukapewa karatasi. Hela hakuna, mnunuzi anasema bado benki. Ile karatasi ilikaa kwenye mkoba wa mama chini ya godoro, shule zikafunguliwa, zikafungwa, zikafunguliwa tena. Nilikuwa kidato cha tatu, nadaiwa hela ya chakula hosteli. Nikarudishwa nyumbani. Sikurudi tena shule.

Leo naendesha bodaboda Igoma. Saa mbili usiku nikihesabu, najua nimepata ngapi. Mkulima anaijua hela yake lini? Yule dada wa dirishani hakukosea sana. Kazi ni ile inayokulipa.

Luseni:

Pole mdogo wangu. Mwaka ule hata mimi nilikuwa na karatasi kama hiyo, na najua wengi humu walikuwa nazo.

Ila hapo mwisho tunatofautiana. Baba yako alifanya kazi yake. Alipanda, akapalilia, akapuliza dawa, akachuma, akachambua chafu na safi, akafikisha kwenye mzani. Aliyeshindwa kazi ni yule aliyebeba mali ya watu bila hela mfukoni. Mbona huyo kwenye fomu haandikwi "hana"?

Kuhusu hela sikubishii, tena nikupe kisa changu ucheke. Baada ya kurudi nilisoma uzi mmoja wa matikiti. Kilimo cha Excel, mnakijua. Ekari moja mashimo 4,000, kila shimo matunda mawili, kila tunda shilingi 1,000, tayari milioni nane, toa gharama milioni mbili, baki sita, ndani ya siku tisini. Nikauza ng'ombe wawili wa baba bila kumuuliza. Nikanunua pampu, nikakodi eneo kando ya ziwa. Matikiti yakaja mazuri, nasema kweli, mtu anapita anasimama. Nikapiga picha, nikawatumia wale niliowaambia "nipo nipo tu".

Wiki moja kabla ya kuvuna, usiku, kiboko akatoka kwenye matete. Asubuhi nimekuta shamba kama limechezewa ndondo. Aliyobakiza kayakanyaga. Kwenye Excel hakuna safu ya kiboko.

Yule mzee jirani aliyenikodisha eneo alisema neno moja tu: "Uliuliza bei ya tikiti. Hukuuliza kwa nini hapa hapalimwi."

Siti ya Mbele:

Kwenye Excel hakuna safu ya kiboko 😂😂 mkuu umeniua.

Bwana Shamba Mstaafu:

Vijana hamjambo.

Mimi nimezunguka Magu, Misungwi na Sengerema kwa pikipiki ya serikali miaka mingi, sasa nafuga kuku wangu. Naomba nichangie upande wa historia, kwa sababu naona mnaongea kama fahari ya mkulima wa huku ilitoka hewani. Haikutoka hewani. Ilitoka kwenye mzani.

Zamani za mkoloni mkulima alikuwa anapeleka pamba kwa mfanyabiashara, yule ndiye mwenye mzani, ndiye anayesoma, ndiye anayelipa. Ukienda na kilo hamsini unaambiwa arobaini, na huna wa kumlilia. Basi wakulima wakaanza kujichanga wenyewe, wakaweka watu wao, wapimaji wao, wasimame pale pale kwenye mzani wauangalie. Kutoka hapo, chini ya kijana anaitwa Paul Bomani, ambaye kabla yake alikuwa karani kule kwenye mgodi wa almasi wa Mwadui, kikazaliwa chama cha wakulima wa Jimbo la Ziwa mwaka 1952, na mwaka 1955 ukasajiliwa muungano wa vyama vya ushirika, Victoria Federation. Ukakua mpaka ukawa na viwanda vyake vya kuchambua pamba, ukahesabiwa katika ushirika mkubwa kabisa Afrika nzima. Mnaona? Watu waliokuwa wanapunjwa kilo kumi. Sikusudii kusema ulikuwa wa malaika, wizi ulikuwepo ndani kwa ndani, na mwaka 1976 serikali ikavifuta vyama vya ushirika nchi nzima, vikarudishwa miaka ya themanini vikiwa vimeshalegea. Lakini babu zenu walijua maana ya kusimama kwenye mzani.

Kijana wa Igoma, kilichomkuta baba yako ni mzani ule ule, ila safari hii umehamia kwenye karatasi.

Na mleta uzi, hongera kwa kuchoma masalia kabla ya tarehe 15 Septemba. Wanaoacha maotea, yale machipukizi ya pamba ya msimu uliopita, wanadhani wanamkomoa bwana shamba. Wanawatunzia funza nyumba mpaka msimu ujao, na funza hawajui mpaka wa shamba la nani. Zile mbegu zinazoanza na "UK" ni Ukiriguru hiyo hiyo ya hapo Misungwi kwenu, watu wamekaa miongo wakizitafuta. Msiziharibu kwa uvivu wa siku mbili.

Luseni:

Shikamoo mzee. Wabeja sana. Hilo la wapimaji kusimama kwenye mzani babu alikuwa akilisimulia nikidhani ni hadithi tu.

Na mzani kwetu sisi ni pande zote mbili. Muhogo wangu siuzi kwa lumbesa. Dalali akija na gunia lenye kilemba juu namwambia gunia ni kilo mia, sheria ndiyo inasema, na hata isingesema. Wananiita mkorofi. Wanakwenda kwa jirani, anauza lumbesa, halafu jioni anakuja kwangu kulalamika bei. Nimepoteza wateja, siwezi kudanganya.

Mkara wa Bwisya:

Nyie watu wa bara mnachekesha. Mnajivunia kuchoma masalia?

Njooni Ukara. Kisiwa kidogo, watu tumebanana, shamba la mtu linaanza pale mlango wa mwenzake unapoishia. Babu zetu hawakuwa na pa kuhamia ardhi ikichoka, wakaamua isichoke. Ng'ombe tunalaza ndani ya nyumba, kwenye shimo, tunamletea majani mdomoni kama mgonjwa. Chini tunaweka matandiko, anakanyaga na kukojolea, miezi ikipita tunachimba ile samadi tunabeba kwa vikapu kichwani mpaka shambani. Kila mwaka. Ndani ya uwele tunapanda marejea, mmea wa kurutubisha udongo, uwele ukivunwa marejea yanabaki yanakua, kisha tunayafukia kwenye udongo ule ule. Hata majani ya pembeni mwa ziwa yana mwenyewe.

Wazungu walikuja kutushangaa tangu enzi za mkoloni, wakaandika. Sisi hatukujua kama ni jambo la kuandikwa. Ukiacha shamba lako bila samadi hapa kwetu, huitwi maskini. Unaitwa mvivu, na kuozeshwa mtoto wa watu utasubiri sana.

Ila na sisi vijana wanakimbia. Wanasema samadi inanuka. Wanakwenda Geita kwenye dhahabu wakarudi na vumbi kifuani. Mimi mwenyewe nilikimbia miaka minne, nisijifanye mtakatifu.

Kijana wa Igoma:

Mkuu Mkara, kulaza ng'ombe ndani halafu kumletea majani mdomoni, huyo si ng'ombe ni mwenye nyumba.

Mkara wa Bwisya:

😂 Na sisi ndio wapangaji wake. Kodi analipa yeye lakini.

Mama Choroko:

Nimesoma kuanzia juu. Nimeona mistari ya plau, nimeona mizani, nimeona ng'ombe. Nimeona baba, babu, mzee, kijana. Sijamwona mwanamke hata mmoja, isipokuwa mkoba wa mama yake Kijana wa Igoma chini ya godoro.

Mimi ni mjane, nalima Magu. Nimelima na marehemu miaka kumi na saba. Nawaambia namna fahari ya pamba ilivyokuwa nyumbani kwangu. Pamba ilikuwa ya baba, magugu yalikuwa ya mama. Kupalilia kwa kwanza mimi na watoto, kwa pili mimi na watoto, kuchuma mimi na watoto, mgongo unauma mpaka kulala ni shida. Siku ya mzani ndiyo mwenye pamba anavaa shati la kupasi. Hela inaitwa ya baba kwa sababu kwenye daftari la chama kuna jina la baba. Mwezi wa saba wanaume wa huku tunawajua, hela ikigusa mfuko anaona nyumba imekuwa ndogo anatafuta mke wa pili. Marehemu wangu hakufika huko, Mungu amrehemu, lakini hata yeye alininunulia kanga mbili na kuona ametoa zawadi. Zawadi! Ya pamba niliyochuma.

Nimejua ninachojivunia baada ya kuwa peke yangu. Choroko zangu ni zangu, nazipanda mimi, nazipeleka ghalani mimi, nasubiri mnada naumwa tumbo mimi, hela inaingia kwenye simu yangu. Mara ya kwanza ile meseji imeingia niliisoma mara tano.

Sasa ndugu yangu Luseni, umeandika vizuri na sina ugomvi na wewe. Ila nina swali. Umesema kwenye fomu kulikuwa na kazi ya baba na kazi ya mama. Ya baba yule binti aliandika "hana" na imekuuma mpaka umetufungulia uzi. Ya mama ulimwambia aandike nini?

Siti ya Mbele:

Mama yangu weee.

Mkara wa Bwisya:

Hapo mimi napisha. Kule kwetu samadi kwa vikapu nani anabeba, msiniulize.

Bwana Shamba Mstaafu:

Mama Choroko, umenikumbusha aibu. Mafunzo yote niliyoendesha, waliokaa kwenye benchi walikuwa wanaume. Wanawake walikuwa wanapika chakula cha semina. Kisha nikienda shambani nakuta anayepanda ni yule aliyekuwa jikoni, anapanda kwa nafasi zake za zamani, naandika kwenye ripoti "wakulima ni wagumu kubadilika".

Siti ya Mbele:

Siku ya pili leo. Mleta uzi kimya. Au kiboko kamkuta?

Luseni:

Nipo wakuu. Sijakimbia, nilikuwa natafuta pa kuanzia.

Mama Choroko, shikamoo. Nilipolisoma swali lako nilijua jibu lakini nilikwenda kuitoa nakala kwenye bahasha, labda nakumbuka vibaya. Sikumbuki vibaya. Kazi ya mama: "mama wa nyumbani". Na si yule binti aliyejitungia. Aliuliza, mimi ndiye niliyemjibu, bila hata kufikiri, kama mtu anavyotaja kabila.

Mke wangu huyo. Aliyekuwa akimwongoza ng'ombe wa mbele miaka ile watoto hawajakua. Ule mstari ulionyooka mpaka mkono wa baba ukalala kwenye paja, nusu yake ni macho yake yeye, maana mwenye plau anaangalia chini, anayeongoza ndiye anayeangalia mbali. Nimewaandikia kile kisa kizima nikasema "umemweka mtoto mbele". Hakuwa mtoto.

Jana usiku baada ya kula nikamsomea uzi wote, pamoja na ya kwako. Nilitegemea atacheka kwenye kiboko. Kwenye kiboko hakucheka, alisema wale ng'ombe wawili mmoja wao alikuwa wa mahari ya dada yake, na kwamba alishaamua kutonikumbusha. Miaka yote hiyo sikujua.

Nikamwuliza, ungependa kwenye fomu waandike nini? Akakaa kimya, anachambua michembe. Kisha akasema, "Andika mkulima. Halafu nipe shamba."

Nikamwambia yote si yetu? Akasema, "Yetu ni lugha ya kwenye harusi. Kwenye daftari la chama kuna jina gani?"

Kijana wa Igoma:

Mkuu, nimempigia mama Kwimba baada ya kusoma ile ya Mama Choroko. Nikamwuliza ile karatasi ya 2019 ilikuwa na jina la nani. Akacheka. "Ya baba yako. Mimi nilikuwa nailindia panya."

Nimemtumia elfu ishirini. Sikumwambia ya nini.

Mama Choroko:

Luseni, marahaba. Umejibu kiume. (Naona hata sisi tunasifu hivyo, basi.) Shamba unampa lipi? Usije ukampa luseni ya juu huko kwenye mawe halafu ukaja kutangaza humu.

Luseni:

Mama, wewe ni mganga au?

Ndivyo nilivyotaka. Asubuhi nimempeleka juu, nikamwonyesha ekari moja ya luseni, nikamwambia hapa karanga zinakubali sana. Akautazama ule udongo, akachota, akaukanda kiganjani. Kama baba, vile vile. Sikujua kama naye alikuwa anaangalia wakati mzee ananifundisha mimi. Akaumwaga. Akaanza kushuka mteremko bila kusema kitu, amepita itogolo, amepita shamba la pamba, mimi nyuma yake, mpaka chini kwenye mbuga, kwenye majaruba yangu ya mpunga. Yale mazuri. Akasimama katikati.

Nikasema mama nanihii, hapa ndipo panapotulipia ada. Akasema anajua, yeye ndiye anayepandikiza.

Tumekubaliana ekari moja pale pale mbugani, mpunga wa kwanza, na dengu nyuma yake kama unyevu utaruhusu. Kitabu cha chama tutakwenda Jumatatu, mzee Bwana Shamba kama una neno la kumwambia katibu wetu niandikie pembeni, maana atasema daftari limejaa. Na ile ofisi ya mjini nitarudi nikishauza muhogo. Safari hii wanasahihisha mistari miwili.

Leo jioni tulikuwa tunapima. Mnajua ekari ya kwetu, hatua 70 kwa hatua 70. Nikamwambia aanze yeye kutembea, si ni shamba lake. Akakataa. Amesimama kwenye kona ameshika kigingi, anasema nipime mimi, mguu wangu ni mrefu.